Mguu Niliomficha Shemeji

Jumatatu, Machi 2

Daftari hili nimelishona mwenyewe kazini kwa karatasi zilizobaki. Shemeji anasema mkimbiaji wa maana huandika kilomita zake, na kwa kuwa yeye hawezi tena kuandika, niandike za wote wawili. Haya: leo kilomita nane. Mbio, kilomita arobaini na mbili, ni Jumapili ya Mei 10. Zimebaki wiki kumi, na mvua ndiyo kwanza imeanza.

Niandike pia sisi ni akina nani, nisije nikasahau uzeeni. Shemeji ni mume wa dada yangu. Alikuwa fundi wa malori, na jioni alikuwa akikimbia. Presha ya macho ilimpunguzia mwanga taratibu, miaka sita iliyopita ikamalizia. Baada ya hapo alilala miaka miwili akiwa ameugeukia ukuta. Sitii chumvi. Dada alikuwa akimlisha huku akitazama kisogo chake. Siku moja nilichoka kukitazama kisogo kile, nikamshika mkono, nikamtoa nje kwa nguvu, tukazunguka uwanja wa shule mara moja. Aliporudi akaomba chakula. Tangu hapo hatujaacha. Siku hizi anapokea simu katika ofisi ya maji. Watu wanamlalamikia kutwa kwamba mabomba yao ni makavu, na nje mvua inamwagika.

Tunakimbia tukiwa tumeshikana kwa kamba fupi yenye fundo kila upande. Mimi nakaa kushoto kwake, kwa hiyo mguu wangu wa kulia ndio ulio karibu naye. Kazi yangu ni kusema. Dimbwi. Ngazi, tatu, kushuka. Baiskeli kulia. Akinisikia, anakimbia kama mwenye macho.

Jumanne, Machi 3

Kilomita kumi. Rasharasha. Hakuna jipya.

Alhamisi, Machi 5

Mvua kubwa. Saba tu, kisha Dada akatuita ndani kama watoto waliokutwa wanacheza matopeni.

Jumamosi, Machi 7

Kumi na nane. Kwenye ya kumi na tano nilihisi kitu juu ya mguu wa kulia, kati ya kifundo na vidole, pahala padogo kama kifungo cha shati. Nikadhani nimekaza mno kamba za kiatu. Nikazilegeza. Kifungo kikabaki.

Jumatatu, Machi 9

Kazini. Mashine yangu ya kukata karatasi ina pedali ya mguu wa kulia: unaikanyaga, chuma kinashuka kubana rimu, halafu unabonyeza vitufe viwili kwa mikono miwili na kisu kinapita. Kwa siku naikanyaga mara mia nne, mia tano. Leo kila nilipoikanyaga, kifungo kilinijibu.

Jumanne, Machi 10

Kumi na mbili. Tulipokuwa tunanyoosha viungo uwanjani Shemeji aliuliza, "Umebadilisha viatu?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Basi tu," akasema. Akaendelea kunyoosha.

Jumamosi, Machi 14

Ishirini na nne. Nililia kidogo kwenye ile ya ishirini na moja, lakini kwa mvua ile nani angejua? Nikawa nasema "dimbwi, dimbwi" kwa sauti ya kawaida. Shemeji alikuwa na furaha tele. Tulipomaliza akamwambia Dada mlangoni, "Mke wangu, huyu mdogo wako akikuacha siku moja bila habari, jua nimemtorosha."

Dada akacheka. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta ili uzito wote ukae kushoto.

Jumanne, Machi 17

Bi Gundi kanishika. Bi Gundi ndiye anayebandika majalada ya madaftari, ameanza kazi pale kabla yangu kwa miaka kumi na tano, na hakuna kinachompita. Leo aliniona nakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, mwili umepinda kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani.

"Mkasi," akaniita, maana ndilo jina langu pale, "mguu huo una nini?"

"Umeteguka tu."

"Mguu ulioteguka huvimba ukaisha. Wako naona unakusubiri."

Sikupenda alivyolisema hilo.

Alhamisi, Machi 19

Nimekwenda kwa daktari wa mifupa. Kijana mwenye sauti ya usingizi. Alibonyeza pale pale kwenye kifungo, nikaruka, kidogo nimpige teke. Picha ya eksirei ikatoka safi.

"Sioni kitu," akasema. "Lakini ufa wa namna hii haujionyeshi mapema. Rudi baada ya wiki mbili. Kwa sasa usikimbie."

Nilitembea hadi nyumbani nikijirudia maneno mawili tu: sioni kitu.

Jumamosi, Machi 21

Nilitaka kumwambia Shemeji leo. Nilifika kwao mapema ili niseme kabla sijabadilisha nia. Yeye alikuwa bado bafuni, anaimba. Dada alikuwa anapiga pasi shati lake la kazini. Nikamwambia yeye kwanza.

Alimalizia kola. Kisha akaweka pasi chini akaenda kufunga mlango wa jikoni.

"Daktari ameona ufa?"

"Hajauona bado."

"Basi hakuna ufa." Alinishika mkono wenye kamba. "Usimwambie. Nakuomba, mdogo wangu. Unamsikia anavyoimba? Mimi nilikaa miaka miwili bila kuisikia sauti ile. Akijua mbio hazipo atarudi pale kitandani, na safari hii sidhani kama nitaweza kumwinua."

Mlango wa bafuni ukafunguka. Dada akachukua pasi akaanza kuinyoosha kola ambayo ilikuwa imeshanyooka.

Tulikimbia kumi na sita. Sikusema.

Jumatano, Machi 25

Kumi. Mvua siku ya nne mfululizo.

Ijumaa, Machi 27

Dada amekuja chumbani kwangu na beseni, maji ya moto na chumvi. Akaniosha mguu mwenyewe, taratibu, akaukausha kidole baada ya kidole. Jana alileta viatu vipya. Juzi mchuzi. Tangu tuwe wadogo Dada hajawahi kunitunza hivi. Najiona kama kuku anayenenepeshwa kwa ajili ya wageni, halafu naona aibu kuwaza hivyo.

Alhamisi, Aprili 2

Nimerudi kwa daktari. Safari hii hakuwa na usingizi. Alibandika picha kwenye taa akanionyesha kwa ncha ya kalamu: mfupa mrefu wa katikati, ule unaokwenda kidole cha tatu, na juu yake mstari mwembamba kama unywele.

"Huu hapa," akasema. "Wiki sita bila kukimbia. Tunaufunga leo."

"Nina mbio Mei 10."

"Huna."

Nikamweleza habari za Shemeji. Alinisikiliza vizuri tu, kisha akauliza, "Mama, mfupa huu ukikatika kabisa mkiwa barabarani, huyo asiyeona atafanya nini?"

Nikamwambia nitafikiria. Nikaondoka na picha kabla hajaita mtu wa plasta. Nimeitia kati ya ubao wa kitanda na godoro. Nikilala inalialia chini yangu kama bati.

Ijumaa, Aprili 3

Nimenunua dawa za maumivu, zile kali. Muuza dawa aliuliza za nani. Nikasema za mama mkwe. Sina hata mume.

Jumamosi, Aprili 4

Thelathini. Sikuhisi chochote. Mguu ulikuwa wa mtu mwingine, mimi nimeuazima tu. Niliruka madimbwi. Shemeji hakusema neno njia nzima, jambo ambalo si kawaida yake. Kwa kawaida huzungumza mpaka namwomba anyamaze avute pumzi.

Tulipofika, aliifungua kamba mkononi mwangu mwenyewe. "Leo umekimbia vizuri," akasema, lakini uso wake haukufanana na maneno yake.

Jumanne, Aprili 7

Kumi na mbili. Vidonge viwili.

Alhamisi, Aprili 9

Kumi. Vidonge vitatu. Maji yamefika kizingiti cha kiwandani, tumepandisha marobota ya karatasi juu ya meza.

Jumamosi, Aprili 11

Ishirini na mbili. Nilichelewa kusema "ukingo" na Shemeji akajikwaa. Alishika bega langu akasimama. "Umelala, Shem?" akacheka. Nami nikacheka. Ulikuwa ukingo mrefu wa njia, umepakwa rangi nyeupe. Mtoto angeuona.

Jumanne, Aprili 14

Nimeharibu majalada mia sita. Nilipanga rimu upande usio wake, nikakanyaga, nikabonyeza, kisu kikapita katikati ya picha. Nilisimama nikiyatazama bila kuelewa kilichotokea. Bi Gundi akaja akavuta swichi ya ukutani, mashine ikazima.

"Unakata au unaota?" akauliza. Sauti yake haikuwa na mzaha. "Niangalie. Macho yako yamejaa ukungu. Unakunywa nini?"

"Dawa ya mguu."

"Mwanangu, kisu hiki hakijui kwamba una mguu mbaya." Akakaa juu ya robota. "Kuna mtu anakulazimisha kukimbia?"

Nilisema hapana. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikitafuta jibu jingine.

Alhamisi, Aprili 16

Mafuriko. Hatukukimbia. Mtaro wa barabara ya shule umefurika, magari yamegeuzwa. Mguu umevimba hata bila kukimbia. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nimeamua Jumamosi ndiyo ya mwisho ndefu, thelathini na mbili, halafu ni kupumzika mpaka siku yenyewe. Nimemwambia Dada. Akasema, "Jumamosi moja tu, mdogo wangu. Moja."

Jumapili, Aprili 19

Naandika hospitalini. Niandike yote kama yalivyokuwa, hata yale yasiyonipendeza.

Jana tulianza saa kumi na moja alfajiri. Nilimeza vidonge vinne. Mvua ilitukuta kwenye kilomita ya kumi na haikutuacha. Kwenye ya ishirini na sita tukaingia barabara ya shule. Pale njia ya waenda kwa miguu imepita juu ya mtaro wenyewe, mifuniko ya zege imepangwa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ukiukanyaga unatoa sauti yake. Shemeji anaipenda sana njia ile. Anasema ni kama kupiga kinanda kwa miguu.

Kulikuwa kumeshakucha. Mifuniko miwili haikuwepo, mafuriko yalikuwa yameing'oa, na mtu alikuwa ameweka tawi la mti pembeni kama onyo. Nasema haya kwa sababu niliyaona baadaye. Kabla ya hapo sikuona kitu, maana nilikuwa nautazama mguu wangu. Dawa zilikuwa zimeanza kuniishia, nami nilikuwa nahesabu hatua kumi kumi ili nisisimame. Njia ilikuwa kazi yangu na sikuwa naitazama.

Kamba ilinivuta kwa nguvu hadi ikanichuna, halafu ikanichomoka mkononi. Nilipogeuka hakukuwa na mtu.

Alikuwa mtaroni, maji yamemfika kifuani, uso umegonga ukingo wa zege. Hakupiga kelele. Nikaruka. Nilitua kwa mguu wa kulia juu ya jiwe, na mlio niliusikia kabla ya uchungu. Mfupa ulikatika kama penseli. Nilimkumbatia ili maji yasimchukue, tukabaki tumegandana hivyo. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni, na neno lake la kwanza likawa, "Simamisha saa."

Nilidhani amechanganyikiwa.

"Shemeji, simamisha saa," akarudia. "Tusiharibu muda."

Hapo ndipo nilipoogopa, si kwa sababu ya maji.

Aliyetutoa ni mwanamke mrefu mwenye fulana ya kikosi cha zimamoto, naye alikuwa katika mazoezi yake. Hakuuliza swali hata moja. Alilala kifudifudi juu ya mifuniko, akamvuta Shemeji, kisha akanivuta mimi, akakimbia kwenda kutafuta gari. Tukabaki tumekaa kando ya barabara, mvua inatupiga, kamba bado mkononi mwake.

"Mguu umevunjika?" Shemeji akauliza.

"Mguu gani?"

"Usinifanye mtoto. Wa kulia."

Nikauliza, "Umejuaje?"

"Tangu Machi. Nilipokuuliza kama umebadilisha viatu. Ulikuwa unautua kwa ubavu, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyelala. Nasikia, Shem. Nimebakiwa na kazi hiyo tu."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Alitema damu na kipande cha jino. "Kila alfajiri najiambia, leo namwambia apumzike. Halafu tunaanza, upepo unanipiga usoni, nasema basi, kesho. Kisha siku ile ya thelathini ukakimbia bila kuchechemea hata kidogo. Nikajua umeanza dawa. Siku hiyo niliogopa kweli. Na bado sikusema."

"Ningeweza kukuua leo."

"Najua."

"Na mimi ungenimaliza."

Alikuwa anaipapasa kamba, anatafuta fundo. "Hilo nalo nilikuwa najua," akasema.

Wiki sita nilidhani mimi ndiye ninayeficha.

Jumatatu, Aprili 20

Mfupa umehama. Wamefungua, wametia skrubu. Daktari hakunisimanga, na afadhali angenisimanga. Nikauliza kuhusu kukimbia. "Kutembea utatembea," akasema. "Mbio ndefu usahau."

Shemeji kashonwa nyuzi tisa kidevuni na amepoteza jino la mbele. Mifupa yake yote mizima. Yupo wodi ya wanaume, hatua hamsini kutoka hapa. Hajaja. Sijamwita.

Jumatano, Aprili 22

Nimerudi chumbani kwangu. Dada alikuja. Alikuta picha ya eksirei nimeiweka juu ya meza, makusudi. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Huu mstari ulikuwepo tangu lini?"

"Aprili 2. Na ungeniuliza, ningekuambia. Hukuniuliza tena hata mara moja, Dada. Ulileta maji ya chumvi."

Akakaa kitandani. Nilitegemea alie. Hakulia.

"Nilichagua," akasema. "Sitakudanganya. Nilijiambia mguu hupona. Yeye akirudi ukutani haponi. Miaka ile wewe ulikuwa unakuja Jumapili unakaa saa moja unaondoka. Mimi nilikuwa namgeuza asipate vidonda. Kwa hiyo nilichagua, nikanunua viatu vipya ili nisijisikie vibaya."

"Mimi ni ndugu yako."

"Ndiyo maana nilijua hutakataa."

Aliondoka bila kuaga. Nimekaa na hasira mpaka jua lilipozama, na kila nilipoigeuza hasira hiyo nilikuta chini yake kitu changu mwenyewe. Kiwandani mimi ni Mkasi, nikikosekana mashine inapewa mtu mwingine kabla ya chai. Kwenye kamba ile nilikuwa macho ya mtu. Nilikipenda cheo hicho. Niliogopa kukivua kuliko nilivyoogopa kuvunjika.

Jumamosi, Aprili 25

Mvua. Bi Gundi kaja kunitazama. Hakusema "nilikuambia," na nilimwona anavyojizuia.

Jumapili, Aprili 26

Mtoto wa jirani wa Dada kaleta ujumbe: Shemeji amelala tangu Alhamisi, hali, hasemi, ameugeukia ukuta.

Nilikaa na ujumbe huo kwa saa nzima. Kisha nikachukua magongo.

Mitaa mitatu kwa magongo kwenye matope ni safari. Nilipofika Dada alifungua mlango akasogea pembeni, hatukusalimiana. Chumbani pananuka dawa. Kisogo kile kile.

"Shemeji, sikuja kukubembeleza," nikasema. "Umelala kwa sababu unaona haya, au kwa sababu umekosa mwingine wa kumvunja?"

Dada alishusha pumzi nyuma yangu. Nikawaza, nimemmaliza.

"Vyote viwili," ukuta ukajibu.

"Haya yote nitakusamehe, ila si leo. Pengine si mwaka huu. Lakini ukilala hapa, mfupa wangu umekatika bure, na hilo sitakusamehe kamwe. Yule wa zimamoto alikuja hospitali kuuliza hali yetu. Nimempigia simu kabla sijatoka. Anakimbia kuliko mimi. Kesho saa kumi na mbili atakuwa uwanjani, nami nitakuwepo."

"Simjui yule mtu."

"Ulikuwa unanijua mimi. Ilikusaidia nini?"

Aligeuka. Uso umevimba, nyuzi nyeusi kidevuni, pengo mbele. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona mzee.

Jumatatu, Aprili 27

Alikuja. Mzimamoto naye alikuja. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, plasta juu ya tofali, nikaanza kufundisha. Mzimamoto ana mapafu ya ng'ombe na maneno machache kuliko ng'ombe. Anasema "shimo" baada ya shimo.

"Dada zimamoto," Shemeji akamwambia, "ukisema baadaye, hiyo ni taarifa ya habari."

Mzimamoto akafikiri. "Sawa. Nitaanza kusema mapema," akajibu, kwa uzito kabisa.

Kila Shemeji anapokwenda naye, bega lake la kushoto linajikunja. Anaogopa. Sikuwahi kumwona anaogopa nami, na ndiyo kwanza naona jinsi hilo lilivyokuwa la hatari.

Alhamisi, Aprili 30

Kumi na tano kwao. Ndoo kwangu.

Jumanne, Mei 5

Bado mvua. Redioni wamesema huenda wakahamisha njia ya mbio, daraja la chini limejaa maji.

Jumapili, Mei 10

Hawakuhamisha.

Nilikuwa kwenye mstari wa kumalizia tangu asubuhi, nimekaa kiti cha plastiki, Dada kando yangu. Tumeanza kuzungumza, mambo madogo tu, mwavuli na maji ya kunywa. Mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Saa nne baada ya mbio kuanza, mtu wa huduma ya kwanza alipita mbio na machela, akapiga kelele kwa mwenzake, "Darajani! Kuna mtu ameteleza, wanasema haoni."

Dada aliniachia alama za kucha mkononi, bado zipo. Hatukuweza kwenda popote, mimi na mguu wangu, yeye ameung'ang'ania mkono wangu. Tulikaa. Wakimbiaji wakawa wanafika, nasi tunatazama kila kichwa. Niliwaza kuwa nimemtuma Shemeji huko mimi mwenyewe, pamoja na mtu asiyejua kusema. Dada hakunilaumu. Alikuwa anasema jina la mumewe polepole, tena na tena, ambalo huwa halitumii. Siku zote humwita Baba.

Machela ikarudi na kijana aliyepoteza miwani.

Dakika kumi na tano baadaye wakaja wenyewe, wameloa, Mzimamoto anaongea bila kupumua: "Ukingo hatua kumi, maji hatua sita, watu kushoto, mstari, mstari, umeupita, simama." Saa nne na dakika thelathini na moja. Hesabu zetu mimi na yeye zilikuwa saa nne na arobaini na tano. Dada alimrukia shingoni. Nilipiga makofi mpaka magongo yakaanguka.

Nilifurahi. Naandika kwamba nilifurahi. Naandika pia kwamba zile dakika kumi na nne zilinichoma.

Jumapili, Mei 17

Siku ya kwanza bila wingu. Mchana nilisikia kitu kinagonga mlango, chini, kama mtu anayetafuta mahali mlango ulipo. Nikafungua. Shemeji, peke yake, na fimbo nyeupe ambayo miaka yote alikataa kuishika. Suruali ina matope hadi magotini, kiganja kimechubuka.

"Nani kakuleta?"

"Hakuna."

"Umeanguka mara ngapi?"

"Mbili. Mara ya pili nilimwangukia muuza nyanya. Kanitukana sana." Alisimama palepale. "Naweza kuingia?"

Nilimpa kiti nikaweka chai. Hakuigusa. Aliomba kuushika mguu. Nikauweka mapajani mwake na plasta yake, akapitisha vidole juu yake kutoka goti hadi vidoleni, taratibu, kama alivyokuwa akikagua injini.

"Nilikusikia unavunjika wiki sita," akasema, "nikaendelea kukimbia. Sitafuti neno la kulifunika hilo. Nimekuja ulisikie kutoka kwangu nikiwa nimekuja kwa miguu yangu."

"Nimelisikia."

"Ukipona, utarudi kwenye kamba? Hata nusu. Hata kuzunguka uwanja."

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, lina utamu uleule wa zamani.

"Hapana, Shemeji," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Tukanywa chai. Alinisimulia jinsi mama mmoja alivyopiga simu ofisini kulalamika kwamba mafuriko yameingia hadi jikoni kwake na bado bomba halitoi tone, tukacheka wote, si sana.

Alipoondoka hakuomba nimsindikize. Nilisimama mlangoni kwa magongo. Alishika ukuta, akaipata njia, akaanza kwenda, fimbo mbele, kushoto, kulia. Kwenye kona kulikuwa na rundo la kokoto lililomwagwa asubuhi ile na wajenzi, yeye hakuwa na namna ya kulijua. Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, fimbo yake ililigonga, ikalipapasa upande hadi ikafika mwisho wake, naye akalizunguka akaenda.